Data ya mkopaji ina bei gani? Jibu kwa mwanafunzi aliyebakiwa na miezi minane

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nasoma shahada ya uzamili ya uchumi hapa Dodoma. Nilipendekeza mada ya "Uchumi wa majukwaa ya kidijitali na thamani ya data ya watumiaji Tanzania", msimamizi akanirudishia mara mbili. Kwanza amesema mada ni pana mno, pili ameuliza takwimu nitazitoa wapi wakati kampuni hazitoi. Nilikuwa nafikiria programu za mikopo ya simu. Nimebakiwa na miezi minane na kama shilingi milioni moja na nusu, na hesabu za majukwaa zenyewe bado hazijanikaa. Nianzie wapi?

Jibu: Marahaba. Kwenye la kwanza msimamizi wako yuko sahihi kabisa. Kwenye la pili yuko sahihi nusu: kampuni hazitakupa kitu, lakini mada hii inaandikika bila kumbembeleza mtu yeyote ofisini.

Shida ya pendekezo lako ni kwamba mada mbili zimevalishwa koti moja. Uchumi wa majukwaa ni jambo moja, uchumi wa data ni jingine, na mfano uliouchagua uko kwenye la pili tu. Chukua karatasi uchore nani anamlipa nani. Kwa programu ya kuita bodaboda utapata abiria upande huu, dereva upande ule, na programu katikati ikichukua kamisheni. Kwa programu ya mikopo inayokopesha mtaji wake yenyewe utapata mkopaji upande mmoja, na ng'ambo ya pili hakuna mtu. Huyo ni mkopeshaji wa kawaida aliyehamia kwenye simu. Kuwa na programu hakumfanyi mtu kuwa jukwaa.

Kipimo kinachotumika tangu kazi za Jean-Charles Rochet na Jean Tirole (Tirole ndiye aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2014) ni hiki. Usibadilishe jumla ya makato, badilisha mgawanyo wake tu. Tuseme kila safari programu inachukua 1,000. Ikiikata yote kwa dereva, au yote kwa abiria, je, idadi ya safari inabadilika? Ikibadilika, hilo ni soko la pande mbili. Isipobadilika, kwa sababu pande mbili zinaweza kufidiana zenyewe kwenye bei, hilo ni soko la kawaida na utumie vitabu vyako vya mwaka wa pili.

Hata hivyo usiziruke hesabu za majukwaa. Mtahini atakuuliza kwa nini umesema programu ya mikopo si jukwaa, na huwezi kumjibu bila kujua jukwaa linapangaje bei. Ni kazi ya jioni moja, kalamu na karatasi. Fanya hivi.

Tuseme idadi ya abiria ni qA na ya madereva ni qM, kwa maelfu, na bei ni pA na pM. Kila upande unavutwa na ukubwa wa upande wa pili:

pA = 10 − qA + a·qM
pM = 10 − qM + b·qA

Herufi a ni faida anayoipata abiria kwa dereva mmoja zaidi kuwepo, na b ni faida anayoipata dereva kwa abiria mmoja zaidi. Weka gharama kuwa sifuri. Faida ya jukwaa ni pA·qA + pM·qM. Tafuta kilele chake kwa kunyambua (differentiation), kwanza kwa qA, kisha kwa qM. Kwa kuwa pande zote mbili nimezipa 10, majibu yanakuwa sawa: q = 10 ÷ (2 − a − b).

Sasa jaza namba. Kama hakuna mvutano, yaani a na b zote ni 0, kila upande una watu 5 (yaani elfu 5), unalipa 5, na faida ni 50. Weka a = 0.2 na b = 0.8, maana dereva ndiye anayemhitaji sana abiria. Kila upande unakuwa na watu 10. Bei ya abiria inashuka hadi 2, ya dereva inapanda hadi 8, na faida inafika 100. Ongeza b iwe 1.1. Kila upande una watu 14.3, dereva analipa 11.4, na abiria analipa hasi 1.4. Hasi hiyo unaijua: ndizo zile ofa za "safari yako ya kwanza bure". Anayetafutwa ndiye anayepewa, na anayetafuta ndiye anayelipa.

Hapo ndipo wanafunzi wengi huteleza. Wakiona bei iko chini ya gharama upande mmoja wanaandika kwamba kampuni inaua ushindani kwa bei za hasara. Huenda ni kweli, lakini bei ya upande mmoja peke yake haithibitishi lolote, kwa sababu hata jukwaa lisilo na mshindani lingepanga hivyo. Mahakama ya Juu ya Marekani ililipitia jambo hilo mwaka 2018 kwenye shauri la Ohio dhidi ya American Express, ikasema kwa kadi za malipo ni lazima kuangalia wenye maduka na wenye kadi kwa pamoja. Wapo wachumi wengi waliopinga jinsi ilivyoitumia hoja hiyo. Kwenye tasnifu yako inatosha ujue kwamba ubishi upo.

Hatua ya mwisho ya jioni hiyo ni kubana bei. Rudi kwenye a = 0.2 na b = 0.8, kisha amuru kwamba dereva asitozwe zaidi ya 5 badala ya 8. Ukikokotoa upya utaona bei ya abiria inapanda kutoka 2 hadi 3.5. Madereva wanaongezeka hadi 12.1, abiria wanapungua hadi 8.9, na faida inashuka kutoka 100 hadi 92. Ulipobonyeza upande mmoja, mwingine umefura. Halafu ongeza gharama ya kudumu ya 95. Kabla ya ukomo jukwaa lilikuwa linabakiwa na 5, sasa linapata hasara ya 3, linafunga. Tanzania ililiona jambo la namna hii mwaka 2022: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, iliweka ukomo wa kamisheni wa 15% kwa huduma za teksi mtandao, na mwezi Aprili Uber ikasimamisha huduma nchini. Baadaye mwaka huohuo ukomo ulipandishwa hadi 25%, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarudi. Kenya, mwaka uleule wa 2022, iliweka ukomo wa 18%. Usiandike kwamba modeli yangu ya mistari miwili "imethibitisha" kilichotokea. Imekuonyesha tu ni mambo gani manne ya kuyapima: nauli, idadi ya madereva, muda wa kusubiri na faida.

Kama moyo wako uko kwenye majukwaa hasa, basi acha mikopo ushike huo ukomo wa kamisheni. Lakini umesema mikopo, na kwa miezi minane na bajeti yako naona umechagua vizuri. Tuingie kwenye data.

Utasikia kila mahali kwamba data ni mafuta mapya. Usiliandike hilo. Lita moja ya mafuta ikiungua kwenye bodaboda hii haiwezi kuungua kwenye ile. Orodha ya miamala yangu ya simu inaweza kutumiwa na wakopeshaji kumi kwa siku moja na isipungue hata mstari. Tofauti hiyo inabadilisha karibu kila kitu kuhusu bei yake.

Data pia huchoka kadiri inavyoongezeka. Mkopeshaji anayetaka kujua ni asilimia ngapi ya wateja wa aina fulani hawalipi, na jibu la kweli ni 20%, akiwa na wateja 400 kosa lake la kawaida (standard error) ni pointi 2 za asilimia (kipeuo cha pili cha 0.2 × 0.8 ÷ 400 ni 0.02). Ili kosa hilo lishuke hadi pointi 0.2 anahitaji wateja 40,000. Mara mia ya data kwa mara kumi ya usahihi. Kwa hiyo mteja wa 40,001 karibu hana thamani kwa kuongeza hesabu tu. Thamani inakuja pale anapoleta aina mpya ya taarifa, kwa mfano jumbe za miamala pale ambapo awali kulikuwa na umri na jinsia tu. Ndiyo maana programu zinagombania ruhusa kwenye simu yako kuliko zinavyogombania kukuongeza wewe kama kichwa.

La tatu ndilo moyo wa tasnifu yako. Mkopaji anapobonyeza "ruhusu" kwenye majina ya simu, anatoa namba za watu mia mbili ambao hawakuulizwa. Shangazi hakukopa, lakini siku ya marejesho ikipita ndiye anayepokea ujumbe kwamba mtoto wa ndugu yake ni tapeli. Hiyo ni athari ya nje kama moshi wa kiwanda: anayekubali anapata mkopo wote na anabeba sehemu tu ya aibu. Halafu kuna upande wa bei. Kama mkopeshaji ameshanijua nusu nzima kupitia simu za rafiki zangu, ruhusa yangu mimi inapungua thamani, na nitaiuza kwa bei ya kutupa. Bei ndogo ya data sokoni haimaanishi kwamba watu hawaijali. Inaweza kumaanisha kwamba imeshavuja kwa majirani. Andika aya nzima juu ya hili, kwa sababu kazi nyingi za wanafunzi huishia kusema "watumiaji wa kwetu hawajali faragha" kwa kuwa waliona watu wanabonyeza.

Kisha kuna tatizo la bei ya sifuri. Kipimo cha kawaida cha soko kinauliza: bei ikipanda kwa 5 hadi 10%, wateja watahama? Asilimia 5 ya sifuri ni sifuri. Wachumi hukwepa kwa kuuliza juu ya ubora: faragha ikishuka kidogo, watahama? Lakini hata palipoandikwa "bure" kuna malipo mahali. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, iliyoamuliwa na Jaji Amit Mehta Agosti 2024, ilibainika kwamba mwaka 2021 Google ilizilipa kampuni nyingine dola bilioni 26.3 ili iwe ndiyo injini ya kutafutia inayokutwa tayari kwenye simu na vivinjari. Mtumiaji halipi senti, na jicho lake limeshanunuliwa. Wewe una bahati: mikopo ya simu ina bei inayoonekana, yaani gharama ya mkopo, kwa hiyo faragha inaweza kupimwa kwa shilingi moja kwa moja.

Unaipimaje? Kwa kumpa mkopaji kadi zenye mikopo miwili achague mmoja. Andaa hivi. Mkopo uwe ule ule siku zote, 50,000 kwa siku 14. Kinachobadilika ni vitu vitatu: gharama (4,000, 7,000, 10,000 au 13,000), data inayoombwa (hakuna zaidi ya kitambulisho, jumbe za miamala, au majina yote kwenye simu), na muda wa kupata pesa (dakika 5 au saa 24). Mchanganyiko wote ni 24. Kila mtu aone kadi 8, kila kadi ikiwa na mikopo miwili na chaguo la tatu: "Sikopi". Usilisahau hilo la tatu. Bila hilo umemlazimisha mtu akope, na makadirio yako yote ya mahitaji yatakuwa ya watu waliofungiwa chumbani.

Ukubwa wa sampuli: kwa kanuni ya Orme, ambayo ni makadirio ya haraka kwa dodoso la kuchagua, zidisha 500 kwa idadi kubwa ya ngazi za kitu kimoja (hapa 4 za gharama), gawa kwa kadi 8 mara mikopo 2. Unapata 125. Hicho ni kiwango cha chini kabisa kwa kundi zima. Ukitaka kulinganisha wanaume na wanawake, au waliowahi kuchelewesha na wasiowahi, lenga 300 na zaidi.

Ukimaliza, endesha logiti yenye masharti (conditional logit), inayokadiria uzito wa kila kitu kwenye uchaguzi wa mtu. Kwenye R, programu ya takwimu, kuna vifurushi vya mlogit, apollo na logitr, vyote bure. Tuseme, kwa mfano wa kufundishia tu, kigezo cha gharama kwa kila elfu moja ni hasi 0.10 na cha majina ya simu ni hasi 0.60. Gawa 0.60 kwa 0.10: mkopaji yuko tayari kulipa 6,000 zaidi ili asifunguliwe majina yake. Kwenye mkopo wa 50,000 hiyo ni 12% kwa wiki mbili. Namba ya namna hiyo ndiyo msimamizi wako anayoitafuta. Ukihamia kwenye logiti mchanganyiko (mixed logit), inayoruhusu uzito huo utofautiane kati ya watu, usikiache kigezo cha gharama kiwe cha nasibu chenye mgawanyo wa kawaida. Utakuwa unagawa kwa kitu kinachoweza kukaribia sifuri, na wastani wako utaruka hadi mamilioni. Kifunge kiwe kimoja kwa wote, au kadiria moja kwa moja kwa shilingi.

Sasa udhaifu wake: kadi ni maneno, na maneno hayana gharama. Kwa hiyo ongeza uamuzi mmoja wa kweli wenye pesa mkononi. Alessandro Acquisti na wenzake walifanya jambo hili Marekani kwa kadi za zawadi: ya dola 10 isiyo na jina, na ya dola 12 inayofuatiliwa matumizi yake. Waliopewa kwanza ile ya 10, zaidi ya nusu walikataa kuibadilisha. Waliopewa kwanza ile ya 12, chini ya mmoja kati ya kumi walikubali kushuka hadi 10 ili wapate usiri. Kadi zilezile, uamuzi uleule, na majibu hayalingani, kwa sababu kulinda ulichonacho si sawa na kununua usichonacho. Anayeuliza upande mmoja tu anapata "thamani ya faragha" anayoitaka yeye.

Kwako: wagawe watu kwa nasibu, nusu kwa nusu. Kundi la kwanza mpe 1,500 taslimu kwa kushiriki bila namba ya simu, kisha mwambie akikubali namba yake iandikwe kwenye dodoso lake la mikopo atapata 2,500. Kundi la pili mpe 2,500 namba ikiwa tayari inakwenda kuandikwa, kisha mwambie anaweza kurudisha 1,000 na dodoso libaki bila namba. Pesa iwe taslimu pande zote. Ukilipa upande mmoja kwa simu umeingiza makato ya kutoa, na hutajua tena kama mtu amekimbia kutajwa au amekimbia makato. Namba ikitolewa, ipigie palepale iite mara moja, la sivyo utajaza daftari namba za kubuni. Na tembea na chenji: mdodosaji asiye na noti za 1,000 na sarafu za 500 ataharibu jaribio kabla ya saa nne asubuhi.

Ili kuona tofauti ya 30% dhidi ya 45% kati ya makundi, kwa nguvu ya 80% (uwezekano wa kuigundua tofauti ikiwepo) na kiwango cha 5% (uwezekano wa kuiona isipokuwepo), unahitaji watu 160 kila kundi. Jumla 320, ambayo inatosha na kwa zile kadi. Bajeti: malipo ya washiriki, hata wote wakichagua ya juu, 800,000, mdodosaji mmoja pamoja na wewe mwenyewe, watu kumi kila mmoja kwa siku, siku 16, posho ya 20,000 kwa siku, 320,000, nauli 120,000, jaribio la awali la watu 20, 60,000. Inabaki 200,000, na itaisha.

Mpangilio wa maswali una uzito kuliko wanafunzi wanavyodhani. Ukianza na "Je, unajali usalama wa taarifa zako?" kila mtu atajibu ndiyo, halafu atajikaza kuchagua kwa namna inayolingana na jibu lake. Liite "dodoso kuhusu mikopo ya simu", anza na kadi, fuatia na pesa, maswali ya mtazamo yawe ya mwisho. Gawanya pia siku za kazi: nusu mara baada ya mishahara, nusu kwenye tarehe mbaya. Mtu aliyeishiwa anaipangia faragha bei nyingine, na ukikusanya wiki moja tu utakuwa umepima mfuko wa wiki hiyo. Waliokataa kuhojiwa waandike: jinsia, umri wa kukadiria, mahali. Waliowahi kusumbuliwa na kausha damu, yaani wakopeshaji wanaonyonya, huenda ndio wanaoongoza kukataa, na huenda ndio wenye thamani kubwa ya faragha.

Sasa takwimu za mezani, ambazo hazihitaji mtu. Programu ya Android hubeba ndani yake faili liitwalo AndroidManifest linaloorodhesha ruhusa zote inazoziomba. READ_CONTACTS ni majina ya simu, READ_SMS ni jumbe. Pakua programu, fungua faili, andika 1 au 0. Zana ya bure ya Exodus Privacy itakuonyesha ruhusa hizo na vifuatiliaji vya kampuni za nje vilivyomo. Kila Jumatatu rekodi toleo, ruhusa, nyota, idadi ya maoni na gharama iliyotangazwa. Idadi ya vipakuliwa huonyeshwa kwa ngazi (1,000+, 5,000+, 10,000+), kwa hiyo usiitumie kana kwamba ni namba kamili. Itumie kama ngazi. Anza wiki hii hii, kabla hata pendekezo halijapita. Programu zinazofutwa dukani hupotea na historia yake, na ukianza baada ya miezi mitatu utakuwa unawachunguza walionusurika peke yao.

Kuna tukio la kukusaidia. Kuanzia 31 Mei 2023 Google ilizikataza programu za mikopo binafsi kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji. Kwa hiyo swali zuri ni: zilizokuwa zikitegemea majina zilipandisha gharama, zilipunguza viwango vya mikopo, au zilihama duka na kusambaza faili zao kwa viungo vya WhatsApp? Usichanganye athari hiyo na za wasimamizi. Kenya kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilitoka mwaka 2022, zikiwataka wawe na leseni na kuwazuia kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mkopaji. Hapa kwetu Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Orodha hiyo pamoja na ya wenye leseni ndiyo mwanzo wa fremu yako ya sampuli, yaani orodha ya programu utakazochagua za kuchunguza. Tarehe hizi tatu ziko mbali vya kutosha kutenganishwa, na Kenya na Tanzania zikiwekwa bega kwa bega unapata kundi la kulinganishia.

Usijaribu kudai kwamba ruhusa ya majina "inasababisha" gharama ndogo kwa kulinganisha tu programu zenye ruhusa na zisizo nayo. Mkopeshaji wa watu wenye hatari kubwa huomba data nyingi na hutoza ghali pia. Ukikadiria kavu utapata kwamba data inaongeza gharama, na utakuwa umepima hatari ya wateja.

Mwisho, wewe mwenyewe sasa unakusanya taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023 na ina Tume yake. Pata kibali cha maadili chuoni, na uulize ofisi ya utafiti kama chuo kimeshajisajili kwa Tume na kama usajili huo unakugusa. Fomu ya ridhaa iseme utatunza nini, hadi lini, na nani atakiona. Kosa linalowakuta hata waliosoma kompyuta ni kuzigeuza namba za simu kuwa msimbo wa SHA-256 (fomula inayogeuza namba kuwa mfuatano wa herufi usiorudishika moja kwa moja) na kuamini zimefichika. Namba za simu za mkononi za Tanzania huanza na 6 au 7 na kufuatiwa na tarakimu nane, yaani zinazowezekana ni milioni 200 tu. Kompyuta ndogo ya kawaida inazipitia zote ndani ya dakika chache na kumpata kila mmoja. Ongeza maneno ya siri marefu kabla ya kugeuza, uyatunze kwenye flashi tofauti na jedwali, na uyafute siku ya kuwasilisha. Kwako ni rahisi zaidi: baada ya kuipigia namba ikaita, huihitaji tena. Andika tu kwamba ilitolewa, na umweleze mshiriki mwishoni kwamba umeikata. Lakini ridhaa ya awali isiwe na uongo: iseme namba "itaandikwa", na kweli uiandike kwanza.

Muda: mwezi wa kwanza hesabu za juu na kibali, wa pili kadi na jaribio la awali, wa tatu na wa nne uwanjani, wa tano na wa sita makadirio, mwezi na nusu wa kuandika, wiki mbili za msimamizi kukuchelewesha. Kumbukumbu za Jumatatu zinaendelea muda wote huo. Na kichwa cha pendekezo, mara hii ya tatu, kiwe "Wakopaji wa Dodoma wako tayari kulipa kiasi gani ili majina yaliyo kwenye simu zao yasifunguliwe na wakopeshaji wa mtandaoni?" Ni kirefu, lakini mji umo, mtu yumo, kitu kinachopimwa kimo, na jibu lake ni shilingi.